Gari Lisirudi Tupu

Kazi yangu ni kupanga safari za malori, na naifanya vizuri. Sioni sababu ya kujitia unyenyekevu. Pale ofisini wananiita Mama Ratiba. Jina hilo nilipewa na dereva mmoja siku aliyokasirika, akidhani ananitukana, nami nikalipenda nikalichukua. Ukinipigia simu kwamba una sabuni inayokwenda mji wa mbali, kabla hujamaliza salamu nitakuwa nimeshajua lori lipi liko karibu, dereva yupi ana usingizi, na yupi ananidanganya kwamba tairi lake limekwisha ili apate kupumzika.

Kwa hiyo asije mtu akasema yaliyonipata yalinipata kwa kutojua kazi. Yalinipata kwa sababu mmoja wa madereva hao ni mume wangu, na anayempangia safari ni mimi.

Zamani mambo yalikuwa ya ovyo na mimi nilikuwa na mume. Lori linapeleka mzigo mji wa mbali, linashusha, linageuza, linarudi tupu, tela linarukaruka nyuma kama kopo. Mafuta yanaungua, moshi unatoka, na ndani hakuna hata katoni moja. Hasara kubwa. Lakini lilirudi. Mume wangu alikuwa hakai siku nyingi barabarani, mara namsikia anafungua geti, anavua viatu nje, anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni. Namwambia pita, unangoja uandikiwe barua? Anacheka. Ni mtu mpole, madereva wenzake wanamwita Taratibu, kwa uendeshaji wake na kwa kila kitu kingine.

Halafu kiwanda cha sabuni, ambacho ndicho mteja wetu mkubwa, kikamwita bosi kwenye mkutano. Bosi wetu ni mnene, ana moyo mzuri na papara nyingi. Alirudi na neno jipya mdomoni, kaboni, akawa analitaja kila mara kama bwana harusi anavyolitaja jina la mkewe.

"Wanataka tupunguze kaboni kwenye kila katoni tunayobeba," alisema. "Tusipopunguza, watatafuta wenye malori wengine."

"Tutapunguzaje, na malori yenyewe ndiyo haya ya moshi?"

"Hayo ya umeme yanakuja, nimeshaanza kuyafuatilia. Kwa sasa tunaanza na wewe, Mama Ratiba. Kuanzia leo gari lisirudi tupu."

Mimi ukinipa kazi ya namna hiyo umenipa peremende. Nikashika simu. Niliwatafuta wauza mbao, wauza magodoro, wenye viwanda vya unga, watu ambao walikuwa hawajui kama tupo duniani. Mume wangu akishusha sabuni mji wa mbali, anakuta mbao zinamngoja kwenda mji mwingine. Akishusha mbao, magodoro yapo yamejipanga kwenda mji wa tatu. Kaboni ikashuka, bosi akachora mchoro wa mstari unaoteremka akaubandika ukutani juu ya meza yangu, na mgeni akija anaonyeshwa huo mstari kwanza, mimi baadaye.

Gari halikurudi tupu. Kusema kweli, halikurudi kabisa.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipoanza kunizidi ukubwa. Si nyumba kubwa, ni vyumba viwili na sebule, jiko liko nyuma, na bomba lipo uani. Binti yetu alishaolewa, anaishi kwake na watoto wake, simu anapiga Jumapili. Nikawa narudi kazini nakuta kikombe nilichokiacha asubuhi kipo palepale nilipokiacha. Upande wa mume wangu kitandani nikaanza kuweka nguo zilizopigwa pasi, kwa muda tu, nikisema nitazipanga kabatini kesho. Mwisho nguo zikawa zinalala pale kila siku na mimi nalala upande wangu, tumezoeana. Nilikuwa mpweke. Sina neno la kulizunguka hilo, na wala silitafuti.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa mtaa wa pili, na ulimi wake haukosi cha kusema. Anakuja kukopa chumvi anakaa mpaka chai iishe.

"Wifi, hivi kaka yangu bado unaye au umemkodisha?"

"Yuko kazini."

"Kazi gani hiyo isiyo na kurudi? Na si wewe unayemtuma? Mbona wenzako wakiwa na cheo wanawavuta waume zao karibu, wewe unamsukuma?"

"Sina upendeleo kazini, wifi."

"Haya. Na kitandani je, huko nako huna upendeleo?"

Nilimfukuza na kikombe chake mkononi. Lakini alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaona ananisema kweli. Ningeweza kumpa mume wangu safari fupi za mjini. Madereva wengine wangesema, Mama Ratiba anampikia mumewe chungu chake peke yake. Na mimi nikisemwa kazini siwezi, ni bora unipige. Basi nikawa namgawia sawa na wote, na ukweli ni kwamba nilimgawia zaidi ya wote, ili mtu asipate pa kushika.

Alikuja nyumbani mara mojamoja, lori likiwa gereji. Anakaa kwenye kiti chake, anakunywa chai, simu yangu inaita. Dereva kakwama, mteja analalamika, ghala limefungwa. Naipokea, kazi ndiyo ilivyo. Nikimaliza namkuta ameshaosha kikombe chake na cha kwangu, amevifunika. Anasema, "Una kazi, mama." Namwambia, "Ndiyo hivyo." Kesho yake lori limepona, ameshaondoka.

Malori ya umeme yalipofika tulitoka wote nje kuyatazama, hata mhasibu. Vilikuwa vichwa tu, bila matela. Tela ni tela, halijali linavutwa na nini. Dereva wetu mmoja, Bwana Honi, ambaye hawezi kupita hata kwa kuku bila kupiga honi, alipanda akakizungusha kichwa uwanjani na hatukusikia kitu zaidi ya mawe kusagika chini ya tairi. Akashuka amekunja uso. Akasema gari lisilotoa moshi linamfanya ahisi yeye ndiye anayenuka.

Tatizo lilikuwa chaji. Ukifunga tela lililojaa sabuni, na kile kilima kirefu kilichopo katikati ya njia, betri haifiki mji wa mbali. Inafika nusu na kidogo. Bosi akataka tujenge mtambo wa kuchaji katikati, dereva afike pale, achomeke, alale garini hadi betri ijae, kisha aendelee. Maana yake madereva wangekaa njiani zaidi ya walivyokaa na dizeli. Nilimsikiliza kwa adabu. Kifuani nilikuwa nachemka.

Wazo lilinijia nikiwa naosha vyombo, na lilivyokuja lilikuja zima. Kwa nini dereva mmoja aende mwisho wa njia? Atoke mmoja huku na sabuni, atoke mwingine kule na mbao. Wakutane katikati, kwenye ule uwanja wa kituo cha mafuta kilichofungwa. Wanafungua matela, wanabadilishana. Huyu wa huku anarudi huku akivuta mbao, yule wa kule anarudi kule akivuta sabuni. Hakuna anayesubiri chaji barabarani, kila kichwa kinachajiwa nyumbani kwake. Hakuna anayerudi tupu. Na kila dereva jioni yuko kwake.

Kila dereva jioni yuko kwake. Nilisimama na sufuria linachuruzika maji mkononi nikalirudia hilo kwa sauti.

Bosi nilimwambia habari za betri. Nikamweleza chaji itakayookolewa, vichwa vitakavyofanya kazi bila kulala, kaboni itakavyoporomoka. Alitaka kunikumbatia, akakumbuka cheo chake akanipa mkono. Sikumwambia kwamba yote hayo kwangu yalikuwa kanga ya juu, na ya chini ni mume wangu tu. Hiyo ndiyo sababu nilipanga mradi ule kwa meno na kucha. Nilitaka mume wangu arudi nyumbani, na nimrudishe bila mtu kusema nimempendelea.

Nilimpigia siku hiyohiyo.

"Uko wapi?"

"Nimevuka daraja, nakaribia ghala la magodoro."

"Kuna kitu nakuandalia."

"Mzigo gani?"

"Si mzigo. Utaona."

"Sawa, mama," alisema, akanitakia siku njema.

Sikumweleza, nilitaka aone mwenyewe. Wifi ndiye niliyemweleza, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kumringia. Nilimwambia kaka yako atakuwa analala kwake kila siku, sasa tutaona utakuja kunisema nini. Akanitazama kwa ule mtazamo wake wa pembeni.

"Utamweza lakini? Umeshazoea kujinyoosha peke yako kama mjusi juani."

"Niache."

"Nakutania, wifi. Nimefurahi. Mwenzio nimefurahi sana," akasema, na macho yakamjaa maji. Tukanywa chai bila kugombana, kitu ambacho hakitokei mara nyingi.

Nikanunua pazia jipya na shuka. Nguo za kitandani nikazihamishia kabatini. Kiti chake kilikuwa kinayumba mguu mmoja, nikamwita seremala. Wakati huohuo kazini niliushupalia ule uwanja wa katikati. Vijana wa kufunga matela niliwafanyisha mazoezi mpaka wakaanza kunichukia: shusha miguu ya tela, chomoa mipira ya breki, chomoa waya za taa, kichwa kitoke, kingine kiingie, funga, pandisha miguu, ondoka. Mara ya kwanza walichukua muda mtu angeweza kula, kunywa na kulala kidogo. Nikawaambia hii si harusi. Kichwa kikisimama pale kinapoteza muda wa kuchaji nyumbani, na msururu wote wa nyuma unachelewa. Mwisho wakawa wanabadilisha matela mawili kabla chai ya moto haijapoa. Msimamizi wa uwanja, kijeba fulani anayejua kazi yake, alipenda sana kunisikia nikisema "vizuri", kwa sababu neno hilo silisemi ovyo.

Zikabaki siku chache tuanze. Kwenye mpango wangu mume wangu nilishamweka upande wa huku, juu kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikumuuliza. Mtu utamuulizaje kama anataka kulala nyumbani kwake?

Bosi ndiye aliyewauliza. Alifanya hivyo kwa nia njema. Alijua nina mume humo, akaona haki itendeke, akawapigia madereva mmoja mmoja kila mtu achague upande. Asubuhi moja akaja mezani kwangu, akaegemea chini ya ule mstari wake unaoteremka.

"Nimebadilisha kidogo mpango wako. Bwana Taratibu ameomba upande wa kule. Lakini nadhani mmeshaongea."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Nakumbuka niliitazama nikaona imetulia, nikashukuru.

"Ndiyo," nilisema. "Tumeongea."

"Si vibaya lakini? Maana nilijua wewe ungemtaka huku."

"Tumekubaliana hivyo. Ni kwa muda."

Nikafa na tai shingoni. Siku nzima nilifanya kazi, nikapokea simu, nikagombana na mtu wa magodoro, nikacheka palipohitaji kucheka. Mume wangu sikumpigia. Niliogopa. Mimi ambaye nawapigia watu wazima wakiwa kwenye kona na kuwaamuru, nilikaa na simu mapajani nikiogopa sauti ya mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Na yeye hakupiga.

Siku ya kwanza ya kubadilishana nilimwambia bosi lazima nikaone uwanja unavyofanya kazi. Nikapanda kichwa cha Bwana Honi, tela la sabuni nyuma yetu. Njia nzima alikuwa anaongea, ana furaha, anapigia honi mbuzi, mashina, mawe. Mimi nilikuwa nahesabu maneno yangu. Nilishayapanga: nitaanza kwa upole, nitauliza, sitagomba.

Tulifika kwanza. Nikashuka, nikasimama kwenye kivuli cha bati la kituo kile cha zamani. Halafu kikatokea kichwa cha upande wa kule kwenye kona, kinavuta tela la mbao, hakina sauti, kinakuja polepole. Kwa uendeshaji nilimjua kabla sijamwona uso. Moyo ulinipiga kama msichana, naona aibu kusema.

Vijana wakavamia matela. Yeye akashuka, akanyoosha mgongo, akaniona. Hakushtuka. Alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Uko…" nikajizuia, nikaanza tena. "Kwa nini umechagua kule?"

Nyuma yetu miguu ya tela la kwanza ilishagusa ardhi. Nilisikia mipira ya breki ikichomolewa, upepo ukapiga chafya.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipangia."

"Kuna mtu huko? Niambie kama kuna mtu."

"Hakuna mtu." Akatabasamu kidogo, kwa huzuni. "Nimepanga chumba, huwa nalala pale nikingoja mzigo. Jirani yangu ni mzee mmoja fundi viatu, amestaafu. Jioni tunacheza drafti. Ananiuliza nimeshindaje, namwambia. Namuuliza na yeye."

"Drafti," nilisema.

"Ndiyo."

Kungekuwa na mwanamke ningejua la kufanya. Mwanamke ningemfuata mlangoni kwake nikamwaga maji na maneno. Drafti utapigana nayo vipi? Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kwenda.

"Nimekununulia shuka," nilisema. Lilinitoka tu. "Kiti chako kimetengenezwa. Huu mradi wote unaouona, uwanja huu, vijana hawa, nimeufanya ili urudi nyumbani. Wote hawa wanarudi kwao kwa ajili yako wewe."

Kichwa cha Bwana Honi kilipita mbele yetu kikiwa hakina tela, kikaingia chini ya mbao. Mume wangu alikitazama, akanitazama mimi.

"Sikujua," alisema. "Ulisema kuna kitu unaniandalia. Mimi nilidhani ni njia mpya."

"Baba, mimi ni mkeo. Ningekuandalia njia?"

"Mama, kila ukinipigia unauliza niko wapi. Nikikwambia, unakata. Nilikuwa na homa nikiwa na zile mbao za mwisho, sikuweza hata kushika usukani vizuri. Ulipiga ukauliza kama nimevuka mizani. Nikasema nimevuka. Ukasema safi."

Sikukumbuka hata hiyo simu. Ilikuwa moja kati ya nyingi.

"Sina kinyongo na wewe," aliendelea, kwa sauti yake ileile ya upole, anayoombea chumvi mezani. "Wewe ni mtu mzuri. Lakini nikija nyumbani nakaa pale kwenye kiti najiona kama mzigo unaongoja gari. Huko kwenye chumba changu niko peke yangu, na sijioni hivyo."

"Rudi nyumbani," nilisema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. "Nitazima simu. Rudi tu nyumbani."

Alilifikiria. Nilimwona akilifikiria kwa dhati, kama anavyofikiria kila kitu, na nikajua akipewa muda wa kutosha huenda angekubali. Midomo yake ilifunguka kusema kitu.

"Tayari!" Msimamizi wa uwanja alikuja mbio, jasho linamtoka, uso umejaa raha. "Mama Ratiba, umeona? Leo tumevunja rekodi. Matela yote mawili tayari, na nyie hamjamaliza hata salamu."

Nilimtazama. Vijana wake walikuwa wamejipanga nyuma yake wananingoja mimi niseme. Barabarani msururu wa malori mengine ulishaanza kujipanga, moja la huku, moja la kule.

"Vizuri," nilisema. "Mmefanya vizuri."

"Wenzangu wananingoja," mume wangu alisema. "Tutaongea. Nikipata likizo nitakuja."

"Likizo naipanga mimi."

"Basi unipangie," alisema, akanibonyeza bega, akapanda. Sabuni yetu ikaondoka naye upande wa kule. Alikunja kona taratibu, na kwa kuwa gari halina mlio, lilipotoka machoni lilikuwa limekwisha, hakuna hata ngurumo ya kufuata kwa masikio.

Nikarudi na Bwana Honi. Tulikuwa tunavuta mbao, jua bado liko juu, na yeye alikuwa na furaha ya kupasuka.

"Unajua, Mama Ratiba, leo nitakula na wanangu wakiwa macho? Mke wangu amenituma nikushukuru. Amesema, huyo mama mwambie Mungu amlipe, amenirudishia mtu. Sisi tulikuwa tunakusema vibaya huko nyuma, sitakuficha. Lakini hili umetutendea." Akapiga honi kwa furaha, barabara ikiwa tupu. "Na mzee wetu Taratibu je? Leo nimemwona amekuja na tela la kule, huku amepangwa zamu gani?"

"Amechagua upande wa kule," nilisema. "Amehamia."

Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia. Bosi sikumwambia, wifi sikumwambia, na sasa nimemwambia mtu wa honi. Akashika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele.

Lori la dizeli lina uchafu wake wote, lakini lina wema mmoja. Lina kelele. Ndani ya lile la zamani ningegeuzia uso dirishani nikalia kuanzia kile kilima mpaka getini, na dereva asingejua lolote. Hili la umeme pumzi yako mwenyewe unaisikia. Nilijibana. Niliuma ukingo wa mtandio, nikatazama nguzo za umeme zikipita, nikajaribu kupanga kichwani safari za kesho. Haikusaidia. Kilio kilitoka, cha kwanza kidogo kama kikohozi, kisha chenyewe kabisa, na ndani ya kile chumba kidogo cha lori hapakuwa na kitu cha kukifunika. Bwana Honi alikisikia chote.

Alinyoosha mkono akawasha redio, mtu mmoja anasoma matangazo ya biashara kwa sauti ya juu.

"Zima," nilimwambia. "Inakula chaji."

"Iache ile ishibe," alisema, akaongeza sauti.